Kiboko Aliyetaka Pampu Kubwa

Hadithi yangu imefika mlangoni!

*Ifungulie!*

Imekuja kwa miguu au kwa gari?

*Mwenye hadithi ndiye ajuaye!*

Imekuja kwa gari. Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana nchi ninayowapeleka ina usingizi mwepesi. Ukipiga kelele itaamka, itaondoka, nasi tutabaki hapa tukitazamana.

Hapo kale, katika nchi ya ukungu, wanyama wote walikuwa na magari. Barabara za huko zilikuwa laini kama uji, na kila asubuhi zilijigeuza zenyewe kutafuta jua. Unalala nyumba yako iko kushoto mwa barabara, unaamka iko kulia, wala hushangai. Mimi hufika huko nikisinzia mchana baada ya kula. Ni pazuri, jamani. Nikiamshwa naona uchungu, na aliyeniamsha simwambii kitu siku nzima.

Juu ya mlima wa nchi hiyo palikuwa na kisima. Kisima kililala, kimefumba jicho lake moja, na hakikuamshwa kwa jembe wala kwa wimbo. Kiliamshwa kwa mngurumo wa gari tu. Ukungu mpya ukishuka, wanyama walishindana kupanda mlima. Gari la kwanza kufika likinguruma, kisima kilifumbua jicho, maji yakatoka, na mwenye gari hilo ndiye aliyekuwa mwenye maji mpaka ukungu mwingine.

Na kila ukungu mshindi alikuwa yuleyule, Bwana Kiboko. Gari lake lilikuwa na tabo, ile feni inayoipulizia injini upepo ili gari lipate nguvu. Fyuuuuu! Tabo inavuta upepo. Pshaa! Tabo inapumua. Kiboko akishashinda aliingia kisimani mwili mzima, akalala humo, matako yake yakaziba njia. Wengine wote walilamba umande.

Chini ya mlima, kwenye mawe, aliishi Mama Pimbi, fundi wa magari. Mdogo, hana mkia, ila maneno anayo. Mwaka huo umande ulikuwa haba. Watoto wake walilamba majani mpaka ndimi zikawa kama msasa, na kitinda mimba alikuwa ameacha hata kulia. Mama Pimbi alimtazama, moyo ukamuuma. Akasema, "Ukungu huu, Kiboko asipate maji. Sijui kwa vipi, lakini asipate."

Alipokuwa bado anawaza, akasikia fyuuuuu, pshaa, kho-kho-kho! Gari la Kiboko lilisimama mbele ya gereji, linakohoa.

"We fundi!" Kiboko akaita. "Nimeiongeza tabo upepo, lakini gari likipanda mlima linakohoa. Lina nini?"

Mama Pimbi akafungua boneti, akanusa, akasikiliza. "Shikamoo, mzee wangu. Lina njaa. Umelipa upepo mwingi, mafuta ni yaleyale. Upepo ukizidi, mafuta nayo yazidi. Linataka pampu ya mafuta iliyo kubwa kidogo, mpira wa mafuta mnene kidogo, na nozeli, zile pua za kunyunyizia mafuta kwenye injini, zenye tundu pana kidogo."

"Basi tengeneza. Usipotengeneza, naja kulala juu ya mawe yako, na watoto wako humohumo."

Mama Pimbi aliogopa, tena sana. Kutengeneza ni kumpa maji. Kukataa ni kulaliwa. Akaingia ndani kutafuta vifaa, akakaa kidogo gizani. Alipotoka alikuwa na pampu ya kiasi mkononi, inayolifaa lile gari kabisa. Lakini kwenye kona ya gereji aliacha kitu kikubwa kimefunikwa kanga, na alikuwa akikitazama kwa wizi, kama mtu aliyeficha sinia la pilau.

"Na kile nini?" Kiboko akauliza.

"Kipi, mzee wangu?"

"Kile chini ya kanga!"

"Ah, hiyo ni pampu. Hiyo si yako."

"Kwa nini si yangu?"

"Ni kubwa mno. Ilikuwa ya mtambo wa kuchimba milima."

"Kwani mimi ni mdogo?"

"Wewe ni mkubwa, mzee wangu."

"Basi weka!"

Mama Pimbi akashusha pumzi. "Haya. Mwenye nguvu mpishe." Akaweka. Kri, kri, kri.

Akachukua mpira wa mafuta mnene kidogo. Kiboko akaona mwingine ukutani, mnene kama mkonga wa tembo.

"Na ule?"

"Ule si wako, mzee wangu. Ni mnene mno."

"Kwani mimi ni mwembamba?"

"Wewe ni mnene, mzee wangu."

"Basi weka!"

Kri, kri, kri.

Akachukua nozeli. Kiboko hakungoja tena. "Zenye tundu pana kuliko hizo zipo?"

"Zipo, lakini nakusihi, zinamwaga mafuta kama..."

"Weka!"

Kri, kri, kri. Mama Pimbi akajifuta jasho. "Mzee wangu, neno moja la kweli. Vyote hivyo vitakunywa mafuta mengi. Tuongeze na tangi la pili la mafuta, tuliweke huku nyuma kwenye buti."

"Kwenye buti mna matikiti yangu," alisema Kiboko. "Unataka nikifika kileleni nile nini? Funga boneti!"

Mnacheka? Nyinyi mngetoa matikiti?

Ukungu ukashuka. Ulishuka taratibu, mweupe, ukaufunika mlima wote mpaka ukawa kama mlima wa ndotoni. Magari yakajipanga. Korongo, mwamuzi wa mashindano, akanyanyua mguu mmoja, na alipoushusha, yakaondoka.

Fyuuuuu! Gari la Kiboko liliruka. Tabo ilivuta upepo, ikavuta na ukungu, na magurudumu yakaiacha barabara. Kiboko alielea! Alipita juu ya miti iliyolala, wingu jeusi la moshi likimfuata nyuma, akajiona mwepesi kuliko usufi. Akaimba kwa furaha. Chini yake pampu nayo ilikuwa ikiimba: nywa-nywa-nywa-nywa.

Nyuma kabisa alikuja Mama Pimbi na kigari chake kisicho na tabo. Kata-kata-kata. Watoto wamelala kiti cha nyuma. Alipoona Kiboko anapotelea mawinguni, machozi yalimtoka. Aliamini amekosea. Lakini hakusimama. Kata-kata-kata.

Karibu na kilele, gari la Kiboko likasema nywa. Kisha likasema nnn. Kisha halikusema kitu. Likashuka polepole kama unyoya, likatua barabarani, kimya. Tangi lilikuwa kavu.

"Kwani mimi sina nguvu?" Kiboko akajiuliza. Akashuka, akaweka kichwa nyuma ya gari, akasukuma. Hiiiya! Hiiiya! Akafika kileleni wa kwanza. Kweli alifika. Msimnyime haki yake.

Lakini kisima kimelala.

"Amka, nimefika!" Kimelala.

Kiboko akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu. Akapanua mdomo. "Vuuuum! Fyuuuuu! Pshaa!" Kisima kikageukia upande wa pili, kikakoroma.

Akiwa bado anapiga honi kwa pua, ikasikika toka ndani ya ukungu: kata-kata-kata. Kata-kata-kata. Kigari kikatokea, kidogo, kinatetemeka, kinanguruma.

Kisima kikafumbua jicho.

Maji yakatoka baridi, meupe, yakateremka mlimani yakizifuata barabara, na barabara zikajinyoosha zenyewe kuyapitisha mpaka mlangoni kwa kila mnyama. Mama Pimbi hakuziba kitu. Alimchukua kitinda mimba, akamlowesha ulimi kwa kidole, tone kwa tone. Mtoto akameza. Kisha akalia kwa sauti kubwa, na mama yake akacheka kwa kusikia kilio hicho.

Kiboko alikaa juu ya tikiti, midomo inamning'inia. "Wewe fundi mbaya! Ungenikataza!"

"Nilikukataza, mzee wangu," alisema Mama Pimbi. "Nilikukataza mpaka nikatoka jasho. Njoo unywe, lakini simama pembeni."

Hadithi yangu inaaga!

*Isindikize mpaka njiani!*

Njiani pana ukungu!

*Iwashe taa!*

Sasa mafunzo, maana wazazi wenu wataniuliza nimewafundisha nini. Watiini wakubwa. Mkubwa akitaka kikubwa, mpeni. Akitaka kikubwa zaidi, mpeni hichohicho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Mama Pimbi alilisikia la mkuu neno kwa neno. Mmeona guu lake lilivyo zima?