Kwa Nini Wachoraji wa Igulumo Hufunika Nusu ya Rangi

Kuna wakati kuta za Igulumo zilikuwa na kila rangi ambayo mtu angeweza kuitaja, na nyingine ambazo hazikuwa na jina. Watu walichora kwa vijiti. Mtu alichimba udongo au alichuma maua, akatwanga, akachekecha, akachanganya unga wake na utomvu wa mgunga, kisha akaviringisha vijiti vinene kama kidole gumba na kuvianika kivulini. Kijiti kikikauka kiliacha ukutani rangi laini kama vumbi la bawa la kipepeo.

Desturi ilikuwa kwamba mzee akikaribia kuondoka, sura yake huchorwa kando ya mlango wake, upande wa mawio, ili hata akishazikwa aendelee kuamkiwa na watoto wanapotoka nje. Desturi nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, na hakuna aliyeitaja kwa kuwa kuitaja kulionekana utovu wa adabu: sura hizo hazikudumu. Jua lilizilamba kila asubuhi, kidogo kidogo, mpaka likazimaliza.

Kalunde aliyajua hayo kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa vijiti, na alilelewa na bibi yake, Nyanzobe, katika nyumba yenye doa ukutani. Doa hilo lilikuwa babu. Wanawe wa kiume walikuwa wakibishana kama marehemu alikuwa na ndevu au hakuwa nazo. Siku moja Bibi Nyanzobe alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake kwa jina la utani wao.

"Mke mwenzangu, mimi nimeolewa na doa. Nikijitahidi kumkumbuka mume wetu, nakumbuka doa. Zamu yangu ikifika, usinifanye doa la pili."

"Sawa, bibi," alisema Kalunde, akaenda kutwanga udongo kwa hasira ya mtu aliyeahidi jambo asilolijua.

Mwaka huohuo alifika Ndekeja kutoka upande wa ziwa, na kapu la vijiti na maneno mengi. Alikuwa na buluu, alikuwa na zambarau, alikuwa na waridi ambayo iliwafanya watu wazima washike mashavu. Rangi zake, alisema, zilikuwa zimeapishana na jua. Wajomba wa Kalunde wakaamua palepale kwamba huyu ndiye atakayemchora mama yao. Kalunde akaomba rangi zijaribiwe kwanza, na Ndekeja, kwa ukarimu wa mtu asiye na wasiwasi, akachora utepe mpana wa rangi zake zote ukutani kwa Bibi, kutoka mlangoni hadi pembeni.

"Acheni mpaka mtama uvunwe," alisema. "Ikipauka, nitakitafuna kijiti mbele yenu."

Mtama ukavunwa. Watu wakakusanyika, wakainamisha vichwa kushoto, wakainamisha kulia.

"Iko vilevile," alisema jirani.

"Vilevile kabisa," alisema mjomba mkubwa.

"Mimi naona imezidi kung'aa," alisema mwingine, ambaye kila mara aliona zaidi ya wenzake.

Kalunde alitazama mpaka machozi yakamtoka. Kilichomuudhi ni kwamba hata yeye aliiona vilevile. Mjomba mkubwa akaanza kutoa hotuba. Bibi Nyanzobe, ambaye hotuba za wanawe alizichoka tangu walipoota meno, akaona heri akapepete mtama wake. Akajikokota hadi ukutani, akautungua ungo wake kwenye kigingi ulipokuwa umening'inia juu ya utepe miezi yote hiyo.

Hotuba ikakatika. Nyuma ya ungo palikuwa na duara la buluu na zambarau kali kiasi kwamba mtu mmoja alirudi hatua nyuma. Na kuzunguka duara, ile rangi iliyokuwa vilevile kabisa ilikuwa kama maji yaliyooshewa vyungu.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mnasifia?" aliuliza Bibi.

Hapo Kalunde akaelewa. Rangi haikupauka peke yake. Macho yao yalipauka pamoja nayo, siku kwa siku, kila asubuhi yakikubali kidogo kilichobaki na kukiita kilekile cha jana.

Ndekeja alikohoa. "Jua la huku ni kali mno. La kwetu lina adabu."

"Basi kachore kwenu!" mtu mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka.

"Msimfukuze," alisema Bibi. "Kijiti bado hakijatafunwa."

Ndekeja akakitafuna, na kwa siku tatu alizungumza kidogo, kwa kuwa meno yake yalikuwa ya buluu.

Wajomba wakageuka mara moja. Kalunde achore, walisema, rangi za Kalunde hazijapauka kamwe.

"Nani kasema?" aliuliza Kalunde. "Ninyi? Kwa macho hayahaya?"

Akachukua mbao, akachora juu yake mistari ya kila rangi aliyonayo na kila rangi ya Ndekeja. Nusu ya kila mstari akaifunika kwa gome la mti, akalifunga kwa kamba. Mbao akazipandisha juu ya paa, zikae huko mpaka mtama wa mwaka unaofuata.

"Mwaka mzima!" mjomba mkubwa alishangaa. "Mama ana umri gani, unaujua?"

Bibi Nyanzobe alishusha pumzi. "Basi itanibidi nisife. Mmeniongezea kazi."

Kazi hiyo aliifanya kwelikweli. Katikati ya masika alikohoa mpaka wanawe wakakaa kuuzunguka mkeka wake na kumsihi Kalunde achore kwa chochote kilichopo. Kalunde akakaa kichwani pa bibi yake, kijiti mkononi, asijue la kufanya. Bibi akafumbua jicho moja.

"Mbao zimefunuliwa?"

"Bado, bibi."

"Basi niletee uji."

Siku moja kabla ya kufunua, Kalunde alipanda ngazi peke yake. Alitaka kuiona njano. Njano ndiyo iliyompa jina. Maharusi walitembea siku mbili kuifuata. Akainua pembe ya gome. Chini yake njano ilikuwa kama kiini cha yai. Kando yake palikuwa na mbao tupu.

Kiunoni alikuwa na kijiti cha njano. Kukipitisha mara mbili tu kungetosha, na hakuna ambaye angejua. Aliwaza hivyo kwa muda ambao ungetosha chungu kuchemka.

"Unafanya nini huko juu?" Bibi aliita kutoka uani.

"Naangalia."

"Angalia, usiguse."

Kesho yake watu walikuja wamejiandaa kumcheka Ndekeja. Kalunde akatanguliza ubao wa njano, akakata kamba. "Hii ni yangu," alisema. "Imekufa." Mama mmoja ambaye nyumba yake nzima ilikuwa ya njano akakaa chini. Kijani ikafuata, imekufa. Waridi, buluu, zambarau, zote zimekufa. Nyekundu ya udongo wa korongoni ilikuwa hai. Nyeupe ya chokaa ilikuwa hai. Nyeusi ya Kalunde, ya maganda ya miti, ilikuwa imegeuka kahawia. Lakini nyeusi ya Ndekeja, ya mifupa iliyochomwa, ilikuwa vilevile, safari hii vilevile ya kweli.

"Bwana Ndekeja, yako imeishinda yangu," alisema Kalunde. "Nigawie."

Ndekeja alikuwa amejiandaa kwa matusi. Akampa kapu zima.

Bibi Nyanzobe akachorwa kwa rangi tatu. Akasogea karibu, akajikagua.

"Shanga zangu ni za njano."

"Nimeziweka nyeupe, bibi. Hizo zitakaa."

"Na mbona mkali hivi?"

"Ndivyo ulivyo."

"Vizuri. Wanangu wasibishane tena."

Aliishi mavuno mengine manne. Kila asubuhi alijiamkia ukutani, na kila mwaka yule wa ukutani alikuwa kijana kuliko yeye.

Na tangu siku hiyo kuta za Igulumo zina nyekundu, nyeupe na nyeusi. Anayeleta rangi mpya haulizwi inaitwaje wala imetoka wapi. Anapewa ubao, gome na mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mchoraji hufungua kwanza ubao wake mwenyewe. Anayeanza na wa mwenzake hapewi ukuta.