Rangi ya Fundi Vuai

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kupaka mashua rangi, na jina lake Vuai. Rangi aliyoitumia ilikuwa na dawa kali. Mwani na viumbe vyenye magamba havikushika chini ya chombo alichokipaka. Wenye mashua walimsifu, naye akaona fahari, maana sifa hizo alizipata kwa jasho la halali.

Dada yake mkubwa, Mize, alikuwa mjane. Aliokota konokono wa baharini kwenye miamba iliyo jirani na karakana ya Vuai, na ndio waliomlisha yeye na wanawe. Mwaka hata mwaka konokono wakapungua. Watu wakasema Mize ana tamaa, hata wachanga hawaachi. Vuai naye akaamini. Akamtaka aipumzishe miamba, na dada akatii bila kujitetea. Misimu mitatu hakukanyaga pale. Alikata kuni za kuuza mpaka viganja vikachubuka. Konokono hawakurudi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, msomi wa viumbe vya bahari. Akawapasua konokono wachache waliosalia mbele ya watu, Vuai na Mize wakiwamo. Majike walikuwa wameota viungo vya kiume, vikaziba njia ya mayai, na mayai yameoza tumboni. Alipoulizwa sababu, alinyoosha kidole kwenye mashua zilizoanikwa zikauke. Sumu ya rangi ile, alisema, huingia majini ikavuruga maumbile yao.

Vuai alimkumbuka dada yake akipita na mzigo wa kuni kichwani, na yeye mwenyewe akimgeuzia uso. Hakungoja watu watawanyike. Akamwendea Mize palepale, wote wakisikia.

"Dada, si mkono wako uliowamaliza. Ni wangu. Nisamehe."

"Hukujua, mdogo wangu," Mize akasema. Kisha akalia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo Vuai hakuigusa rangi ile. Alikwangua mashua kwa mikono, kazi ikawa ya polepole, na wateja wengi wakamkimbia. Konokono bado ni haba, kwani bahari haisafiki kwa siku moja.

Nanyi mnaosikia: asiyejua alisamehewa. Sisi tuliokwisha kujua, tutasema nini?