Lenzi Mpya ya Bwana Mselem

Mwanakombo alikuwa na kamera moja na lenzi kongwe ya marehemu baba yake, na kila bibi harusi mtaani alimtaka yeye tu. Bwana Mselem, mwenye studio kubwa, akaudhika. Yeye alinunua lenzi mpya, ya muundo wa kale ambao watu walichangishana mtandaoni utengenezwe tena kiwandani, akaisubiri weee, na wateja hawaji!

"Tushindane kumpiga picha bibi harusi wa leo, kila mtu kwa lenzi yake," akasema. "Atakayeshinda anachukua lenzi ya mwenzake. Ukikataa, hama chumba changu ulichopanga."

Mwanakombo akamkumbatia mwanawe. "Sawa, kaka. Ila nipige mimi zote, maana bibi harusi yuko ndani na wanawake. Wewe uwe hakimu."

"Mimi?" Akacheka. "Umejimaliza, dada!"

Akampa lenzi yake ndani ya boksi, akakaa barazani na kahawa. Mwanakombo akaingia, akapiga, akaenda kusafisha, akarudi na picha mbili, kila moja nyuma imeandikwa lenzi iliyoipiga.

Bwana Mselem hakusita. "Hii! Tazama ngozi, laini kama samli! Ile nyingine takataka."

Mwanakombo akaitia takataka mkobani. "Haya, geuza hiyo yako."

Akageuza. Imeandikwa: *ya zamani*. Wazee wa barazani wakaangua kicheko, na Bwana Mselem akaondoka mikono mitupu.

"Je, angechagua ile nyingine?" akanong'ona Sikudhani, wifi yake Mwanakombo.

"Nayo imeandikwa hivyohivyo. Zote nimepiga kwa lenzi ya baba."

"Kumbe hii mpya mbovu?"

"Nitajuaje, wifi? Ndiyo kwanza naitoa kwenye boksi."