Tawi la Njia Panda

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii huelekezwa kwa mtu anayemtegea mwenzake ubaya, kisha ubaya ule ule ukamgeukia kabla hajamaliza kucheka. Wengi huisema kwa mdomo tu. Kiilu wa Matiliku aliijua kwa koo lake, kwa maana siku ilipomfika alikuwa hana hata mate ya kumeza.

Ilikuwa miaka michache kabla ya serikali kupiga uwindaji marufuku. Kiilu alikuwa dereva wa Bwana Wilkins, mzungu aliyewapeleka wageni kuwinda katika nyika za mashariki ya Kitui. Wageni walishukia Mtito Andei, wengine kwa gari moshi, wengine kwa motokaa zilizotoka Nairobi. Ndege ndogo zilikuwapo kwa wenye nazo, lakini mahema, majiko na mapipa ya maji hayapandi ndege. Kwa hiyo safari ilikuwa ya magari mawili. Landrova ilitangulia na wageni, lori likafuata na kambi nzima mgongoni.

Kiilu aliendesha Landrova. Lori lilikuwa mikononi mwa Ndululu, shemeji yake, mume wa dada yake Mbula, ambaye Kiilu alimfuata katika kuzaliwa. Ndululu alifundishwa kushika usukani na Kiilu mwenyewe. Alifunzwa gia, akafunzwa kupita mchangani na kusoma njia, mpaka akaiva. Hapo ndipo palipomuuma Kiilu. Lori jipya lilipoletwa, Bwana Wilkins alimkabidhi Ndululu funguo mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo Kiilu hakulala usingizi wa raha.

Kila jema la Ndululu lilikuwa mwiba. Ndululu akifuta kioo cha lori, Kiilu alisema anajionyesha. Ndululu akinyamaza, alisema anaringa. Jumapili kanisani alimsikia akiitikia "Amina" akamnung'unikia hata hiyo Amina. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Umeona Ndululu amemwezekea Mbula nyumba ya mabati?" Syombua, mkewe, alimwuliza siku moja akipakua isyo, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe. "Huyo ni mwanamume. Hata lori lake linang'aa!"

Kiilu alisukuma sahani kando. Chakula kilikuwa kitamu, lakini hakingeshuka.

Msimu huo Bwana Wilkins alitangaza kwamba safari ikiisha atachagua mnyapara wa madereva. Wengine wote walifanya kazi wakati wa kiangazi tu, mvua zikianza wakarudi shamba kungoja. Mnyapara angeajiriwa mwaka mzima. Kiilu alikuwa na watoto shuleni na mvi kichwani, na aliamini kazi hiyo ni yake kwa haki. Alichohofu ni kuamka siku moja akiamriwa na mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe mahali pa kukanyaga klachi.

Waliondoka Mtito Andei alfajiri, wakapinda Kibwezi, wakavuka mto Athi, wakapita Ikutha na Mutomo. Baada ya Mutha barabara iliisha, zikabaki nyayo za magari ya zamani zilizokatana vichakani. Huko kulikuwa na desturi moja. Gari lililotangulia, likifika njia panda, liliacha tawi bichi limelazwa juu ya njia isiyofaa. Dereva wa nyuma akiona tawi, alishika njia ile nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yao, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Kwenye njia panda ya kwanza Kiilu alishuka, akakata tawi, akalilaza vizuri juu ya njia ya kushoto, ile iliyoteremka hadi mchanga wa mto Tiva. Bwana Wilkins aliona. Musyoka, mzee wa kufuata nyayo aliyekaa nyuma, naye aliona. Walipopita kona Kiilu alisimamisha gari.

"Samahani Bwana, nimeshikwa na haja."

Alirudi mbio kwa miguu. Tawi akalihamisha, likaziba njia ya kulia iliyokwenda kambini. Moyo ulimdunda, lakini ulidunda kwa furaha. Aliwaza jinsi Ndululu atakavyohangaika huko mchangani, arudi nyuma, afike kambini jioni amechafuka, na Bwana aulize, "Huyu ndiye dereva?" Aliporudi garini alikuwa akipiga mbinja. Njia panda mbili zilizofuata aliziwekea matawi kwa uaminifu mkubwa.

Walifika adhuhuri penye vilima vya mawe, mahali pa kambi. Mgeni, mzee wa Kizungu, na mkewe waliketi chini ya kivuli chembamba cha mgunga wakingoja hema. Bwana Wilkins aliomba chai.

"Majani yako kwenye lori," Musyoka alisema.

"Basi maji."

Hapo Kiilu alishtuka. Maji yalikuwa kwenye lori. Unga, nyama, vitanda, dawa na mapipa ya petroli, vyote vilikuwa kwenye lori. Landrova ilikuwa na kibuyu kimoja tu cha Bwana. Wivu ulikuwa umemtafuna akili hata akasahau kwamba tumbo lake na tumbo la Ndululu yalilishwa na gari moja.

Jua lilishuka, lori halikuonekana. Walilala garini kwa njaa. Kulipokucha, kibuyu kilikuwa kimebaki na maji kidogo, akaachiwa yule mama, ambaye midomo ilikuwa imempasuka na macho yamelegea. Mumewe alimpepea kwa kofia. Kiilu alimtazama akaona aibu. Alijua lori liko wapi. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo lingemmaliza.

"Twende tuwatafute," Bwana Wilkins alisema. "Petroli iliyobaki itatosha kama hatutazunguka ovyo."

Walitoka watatu, Bwana, Musyoka na Kiilu. Hawakufika mbali wakakuta kundi kubwa la ng'ombe likielekea mnada wa Mwingi, na mwenyewe, mfanyabiashara aitwaye Bile, akitembea nyuma na fimbo mabegani.

"Umeona lori?" Bwana alimwuliza.

"Wallahi, lori sijaona," Bile alijibu. "Lakini ng'ombe yangu wamepita huku kote tangu jana. Kama kulikuwa na alama ya tairi, sasa hakuna."

Ilikuwa kweli. Ardhi ilikuwa imevurugwa yote, na matawi ya njia panda yalikuwa yamesambaratishwa na kwato. Musyoka aliinama nje ya dirisha akitafuta walau ukingo wa tairi. Kiilu yeye alikuwa akimwona mawazoni yule mama aliyeachwa kambini, na akikanyaga mafuta. Alipita njia panda ya karibu na kambi bila kupunguza mwendo. Akapita ya pili. Alipofika ya tatu alizungusha usukani, akateremka kuelekea Tiva kama mtu anayekwenda kwake.

Musyoka aliinua kichwa, akamtazama.

Lori lilikuwa katikati ya mto mkavu, limezama hadi kwenye ekseli. Vijana wa kambi waliosafiri na lori walikuwa wakilichimbua tangu jana, na sasa walikuwa wamepumzika kivulini. Jonah mpishi alikuwa ameinjika sufuria, na harufu ya chai iliwapokea watafutaji kabla ya watu wenyewe. Waliopotezwa walikuwa wameshiba. Aliyewapoteza alikuwa na midomo meupe.

Ndululu alikuja mbio na kikombe cha maji.

"Kunywa, shemeji. Pole. Ni makosa yangu, lazima nilisoma tawi vibaya. Wewe huwezi kukosea."

"Hukusoma vibaya," Jonah alisema. "Tawi lilikuwa limeziba kulia. Sisi wote tuliliona."

Bwana Wilkins alikunja uso. "Mimi nililiona likiwekwa kushoto."

Ndipo Musyoka aliposhuka garini polepole.

"Kiilu, ninakuuliza kama mzee. Nimefuata nyayo tangu ujana wangu, na leo pale juu sikuona alama hata moja. Wewe umepita njia panda ya kwanza, hukusimama. Umepita ya pili, hukusimama. Ya tatu ukaingia bila kuuliza mtu. Uliona nini ambacho mimi sikukiona?"

Kiilu alitafuta uongo, naye alikuwa hodari wa kuupata, lakini siku hiyo haukuja.

"Ni mimi," alisema. "Nilirudi nikalihamisha."

"Asi!" Jonah alimaka.

Ndululu alimsogelea. "Shemeji, nilikukosea nini?"

Kiilu alifungua mdomo amwambie. Alirudi nyuma moyoni mwake, mwaka baada ya mwaka, akitafuta kosa hata dogo. Alikuta kioo kilichofutwa, mabati ya Mbula, na Amina ya Jumapili. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angeweza kukitamka mbele ya watu.

Bwana Wilkins alinyoosha mkono, Kiilu akampa funguo za Landrova. Kazi ya mnyapara ilitajwa hapo hapo mchangani, bila kungoja safari iishe, na jina lililotajwa halikuwa la Kiilu.

Kutoka kule nyikani hakukuwa na basi wala njia ya miguu ambayo mtu angeimaliza akiwa hai. Lori lilipochimbuliwa na maji kufikishwa kambini, lilirudishwa Mutha kujaza tena maji yaliyotumika mchangani, na Kiilu akapandishwa nyuma, katikati ya mapipa matupu, ashushwe huko atafute njia ya kwao. Ndululu aliendesha taratibu penye mashimo, kama alivyofundishwa, ili aliye nyuma asiumie. Wema huo ulimchoma Kiilu kuliko mateke. Walipofika njia panda alijifunika uso kwa turubai, akalia kwa sauti, na vijana waliokuwa naye hawakumcheka wala kumtuliza, kwa maana kila mmoja wao alijua kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.