Turmalini ya Wakesho

Mwenye wivu hupima mkono, hapimi jiwe. Mmenisikia nikilisema neno hilo nanyi mkataka kujua limetoka wapi. Limetoka kwa wachimbaji wa vito upande wa Taita, na chanzo chake ni hiki.

Mwanyalo alikuwa mjuzi wa mawe katika machimbo madogo chini ya kilima. Mtu akiokota jiwe, alimpelekea yeye. Alililowesha kwa mate, akalielekeza juani, akalikwaruza kwa kisu, kisha akalitaja jina, na neno lake likawa la mwisho.

Mdogo wake alipofariki, mjane wake Wakesho alikuja machimboni kuchekecha kifusi ili alee wanawe. Mwanyalo ndiye aliyemfundisha kazi. Lakini mwanamke yule alikuwa na jicho, na mwaka haukuisha watu wakaanza kumwonyesha yeye kwanza. Walimpita Mwanyalo alipoketi, jiwe wamelifumbata, wakaenda kwa Wakesho. Kila kicheko kilichotoka kule, Mwanyalo alidhani anachekwa yeye. Hata chakula kikamshinda.

Siku moja Wakesho alipata kipande cheusi cheusi, kirefu kama kidole. Akasema ni turmalini, tena ya aina adimu ambayo wakusanyaji wa vito huihangaikia. Mkuu wa machimbo akataka kwanza neno la Mwanyalo. Mwanyalo akalipokea jiwe, lakini macho yake hayakubanduka usoni pa shemeji yake.

"Chupa iliyoungua," akasema, akalitupa kifusini.

Watu wakacheka. Mkuu akamwondoa Wakesho kwenye chekeche, akampeleka kuteka maji. Siku ile Mwanyalo alikula akashiba.

Mama yake, Mkawasi, aliyewapikia wachimbaji, alilifuata lile jiwe, akaliosha, akalifunga kwenye pindo la leso. Siku tatu baadaye, Mwanyalo akinywa uji jikoni, mama akampa jiwe amwambie ni nini.

Mwanyalo akalitazama bila haraka. Lilikuwa na michirizi ya urefu, na kisu hakikulikwaruza. Akalipasha joto kando ya moto, akalisogeza kwenye majivu yaliyopoa. Chembe za majivu zikalirukia zikaling'ang'ania, maana turmalini ikipata joto huvuta majivu. Akatoka nalo mlangoni penye jua. Likilazwa lilikuwa kijani. Likitazamwa kwa urefu wake, wekundu ulitokeza ndani. Akarudi ndani mbio kwa furaha.

"Mama, hii ni turmalini. Ya namna hii nimeiona mara moja tu. Kaipata nani?"

"Wakesho. Ndilo lile uliloliita chupa."

Mwanyalo akajitetea kwamba siku ile hakuliangalia vizuri.

"Hukuliangalia kabisa, mwanangu. Mwenye wivu hupima mkono, hapimi jiwe."

Angeweza kulificha, maana aliyejua ni mama yake tu. Akalipeleka machimboni, akakiri mbele ya wote kwamba alikosea. Wakesho akalichukua jiwe lake, akarudi kwenye chekeche bila kumshukuru.

Wivu haukumtoka Mwanyalo siku ile, wala mwaka ule. Ila tangu hapo aliomba mawe yote yawekwe juu ya gunia kabla hajafika, na asiambiwe lipi ni la nani. Walipomuuliza sababu, aliwajibu kwa maneno ya mama yake, nayo yakaenea hadi yakatufikia sisi: mwenye wivu hupima mkono, hapimi jiwe.