Kwa Nini Sanamu za Watoto Hazichomwi Moto

Kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, udongo wa mfinyanzi ulikuwa na kazi moja tu, nayo ni vyungu. Hakuna mtoto aliyeuchezea. Watoto walikimbizana nje, na mvua ilipowafungia ndani walikaa wakitazamana kama kuku waliolowa.

Wakati huo, huko milimani Upare, aliishi mfinyanzi kijana aitwaye Namkunda. Aliishi na mumewe Senkoro, mama mkwe wake, binti yao Nakiete aliyekuwa na miaka sita, na Mbonea, mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Nakiete alikuwa na mikono isiyotulia. Kila chungu kibichi alikitia kidole. Siku moja Namkunda alichoka, akamkatia bonge la udongo uliobaki.

"Shika, mwanangu. Toboa hilo mpaka ukome, uniachie vyungu vyangu."

Nakiete hakutoboa. Alikaa kizingitini akafinyanga mtoto mchanga, kidole gumba mdomoni, kitovu kimetokeza kama njugu. Alikuwa Mbonea mtupu! Nyumba nzima ilicheka. Siku zilizofuata wote walikaa chini kufinyanga pamoja naye, maana udongo ulikuwa wa bure na mikono ilikuwepo. Senkoro alitengeneza ng'ombe, akamchomeka miiba iwe pembe. Nakiete akamfinyanga baba yake.

"Mbona tumbo hili ni la bibi yako?" Senkoro akalalamika.

"Langu lina adabu," mama yake akamjibu. "Hilo ni lako, la pombe ya miwa."

Siku ya kuchoma vyungu ilipofika, ni sanamu ya Mbonea tu iliyokuwa imekauka. Nyingine zingepasuka motoni. Namkunda aliionea huruma. Kitu kizuri namna ile kingevunjika kesho au keshokutwa. Akaitia ndani ya chungu kikubwa bila kumwambia binti yake, akapanga kuni na nyasi juu, akawasha. Alitaka kumshangaza mtoto.

Alishangaa yeye.

Moto ulipopoa aliitoa sanamu ikiwa nyekundu na ngumu. Akaigonga kwa ukucha, ikalia ngo! Papo hapo mama mkwe wake akapiga ukelele ndani ya nyumba. Namkunda akaibwaga sanamu kwenye majivu, akaingia mbio.

Mbonea alikuwa amepakatwa na bibi yake, kidole mdomoni, macho wazi. Hakupepesa. Mwili ulikuwa na joto na pumzi ilimtoka puani, lakini goti halikukunjika wala shingo haikugeuka. Namkunda akampa titi. Maziwa yakachuruzika shavuni kama maji juu ya chungu. Bibi akamgonga kisigino kwa kidole. Kisigino kikalia ngo!

Namkunda akakaa chini bila kujua kwamba amekaa.

Nakiete akaingia ameshika sanamu yake aliyoiokota majivuni. "Mama," akauliza polepole, "umemchoma?"

"Ivunje!" Senkoro akasema. "Ivunje sasa hivi!"

"Na mtoto akivunjika?" mama yake akamkemea. "Umeona wapi chungu kilichovunjika kikaungwa?"

Wakabishana hivyo, huku pumzi ya mtoto ikizidi kuwa ndogo. Namkunda alijua kwamba udongo ulioonja moto haurudi kuwa tope, hata ulale mtoni miaka kumi. Lakini alijua na jambo jingine. Vigae vya vyungu vilivyovunjika yeye alivisaga, akachanganya unga wake na udongo mbichi, na udongo uliupokea, ukalainika tena majini. Njia ilikuwa hiyo tu. Ilimbidi amsage.

Akaiweka sanamu kwenye jiwe la kusagia. Pigo la kwanza liliukata mguu wa sanamu, na ufa mwembamba kama unywele ukajichora kwenye paja la Mbonea.

"Mkamwana, acha! Unamwua!"

Namkunda hakuacha. Akiacha hapo, atakuwa amemvunja tu. Akafumba macho, akaegemea jiwe kwa uzito wake wote, akasaga mpaka hakikubaki kipande hata cha ukubwa wa punje ya mtama. Kisha akaukanda unga ule na udongo mbichi, akamtia Nakiete mikononi.

"Mfinyange ndugu yako, kama ulivyomwona jana."

"Naogopa, mama."

"Hata mimi. Finyanga."

Nakiete akafinyanga, machozi yakidondokea udongo. Alipomaliza, Namkunda akaitumbukiza sanamu ile mbichi katika mtungi wa maji. Ikalainika miguu, kisha tumbo, kisha kichwa. Maji yakawa mekundu. Mbonea hakutikisika. Bibi akaanza kujifunika uso kwa kaniki.

Ndipo mtoto akachomoa kidole kinywani, akamkojolea bibi yake, akaangua kilio kilichosikika ng'ambo ya bonde.

Tangu siku hiyo mpaka leo, watoto hufinyanga ng'ombe, nyumba na watu, na wazazi hukaa chini pamoja nao, kwa sababu udongo bado ni wa bure. Lakini sanamu hizo hukaushwa kwa jua tu, na zikishawachosha hurudishwa majini. Naye mfinyanzi, kabla hajawasha moto, hupitisha mkono ndani ya kila chungu mpaka kitakoni. Ukimwuliza anatafuta nini, atakwambia anapapasa nyufa. Usibishane naye. Waite tu watoto wake kwa majina, asikie kila mmoja akiitika, ndipo atakapowasha.