Bi Mwanaidi Akata Bima ya Safari

Bi Mwanaidi alikwenda kwa Mbaruku, muuzaji wa tiketi za ndege pale Tanga, kukata bima ya safari ya Maskati. Alitaka ile ya bei nafuu; Mbaruku akamkazania ile ya bei kubwa.

"Mama, ndege huanguka! Watu huugua ugenini, mizigo hupotea!"

Bi Mwanaidi akaangua kilio. "Jamani, kumbe tunanunua tiketi za kaburini!"

Wateja waliopanga foleni wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Mbaruku akaruka kitini. "Rudini! Wallahi safari ni salama! Hakuna abiria wangu aliyewahi kupatwa hata na mafua!"

Bi Mwanaidi akajifuta macho yake makavu. "Alhamdulillahi. Basi, mwanangu, nikatie ile ya bei nafuu."